Rubisi haivuki ziwa: siku kwa siku na juisi ya ndizi, Maruku hadi Mwanza

Jumatatu, Maruku

Hesabu ya safari hii, ya kuvusha juisi ya ndizi Ziwa Victoria kutoka Maruku mkoani Kagera, ni mikungu 20. Mkungu wa kilo 20, ukiondoa kikonyo, maganda na ndizi zilizopondeka, hubakiza nyama ya kilo 11 hivi. Nyama hiyo ikikandwa vizuri bila maji hutoa juisi lita 5 hadi 6. Mikungu 20 basi ni lita 100 na ushee: lita 95 za kwenda Mwanza kuwa mvinyo, na zinazobaki za kufanya rubisi, pombe ya ndizi ya kienyeji, hapahapa, maana rubisi yenyewe haiwezi safari hiyo. Ikichachushwa leo inanyweka kesho, keshokutwa imekaza, siku inayofuata inaanza kunuka siki. Karibu kila kilichobadilika katika pombe ya ndizi ya Kagera kimetokana ama na ugonjwa wa migomba, ama na hamu ya kuivusha pombe hiyo ziwa.

Kibanja cha Mhaya hakina zao moja. Migomba iko juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni. Na migomba yenyewe ina makundi: ya kupika, ya kuchoma, ya kula mbivu na ya kukamua. Ya kukamua ni embiire, na mgeni hawezi kuitenga na ebitoke ya kupika kwa kutazama majani tu. Njia ya mkato ni ulimi. Kata kipande cha embiire mbichi utafune: hukaza ulimi na fizi mpaka uteme. Hiyo ni tanini.

Tanini hiyo ndiyo inayobeba kazi nzima. Ndizi ya kupika ikiiva na kukandwa hutoa uji mzito usiochujika hata kwa shuka. Embiire ikikandwa, tanini hushikana na protini, vikafanya mabonge, mabonge yakabaki kwenye machicha, na juisi ikatoka nyepesi na angavu. Wanaojaribu kufanya mvinyo kwa ndizi yoyote iliyoshuka bei sokoni hukwama hapa kabla hata hamira haijafunguliwa.

Kainja, aina nyingine ya ndizi, nayo hukamuliwa, na kwa muda mrefu ilipendwa kwa sababu hustahimili udongo uliochoka. Shida ilikuja mwaka 2006, mnyauko bakteria ulipoingia Kagera. Wadudu wanaofuata ua dume hubeba ugonjwa kutoka shina moja hadi jingine, na kainja hushambuliwa kwa njia hiyo kuliko migomba mingi. Vibanja vilivyoitegemea vilibaki na visiki. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, mbegu mpya zilikuwa zimegawiwa mkoani: FHIA za aina kadhaa na Yangambi Km5, zikiletwa kwa ajili ya fukusi, minyoo ya mizizi, magonjwa ya majani na rutuba iliyoshuka. FHIA hutoa mkungu mkubwa kweli, lakini haikazi ulimi kama embiire, na juisi yake haina uti. Hivyo ladha ya rubisi ikabadilika bila mtu kukaa kikao na kuamua.

Kwa mvinyo, mchanganyiko wa kuaminika ni mikungu 14 au 15 ya embiire na iliyobaki kainja kutoka kibanja safi. Kila mkungu ukatwe ndizi moja kwa upana kabla haujapokelewa. Ukiona doa la kahawia yenye kutu katikati ya nyama, mkungu huo unaumwa na unaachwa hapohapo, hata kama ganda linang'aa. Ndizi zake huiva kabla ya wakati, nyingine zikabaki ngumu, na juisi yake chungu huharibu dumu zima. Panga lipitishwe kwenye moto au lifutwe kwa Jik kati ya shina na shina. Ua dume halikatwi kwa panga. Huvunjwa kwa mti wenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza.

Jioni mikungu inaingia shimoni. Shimo lina kina cha kifuani, limetandikwa majani makavu ya mgomba, na pembeni kuna mfereji mwembamba wa kuingizia moshi. Mikungu hupangwa wima, kikonyo juu, kisha hufunikwa kwa majani mabichi na udongo. Moto wa majani makavu na maganda huwashwa mdomoni mwa mfereji kwa saa moja hivi. Joto linahitajika, lakini kazi kubwa hufanywa na moshi wenyewe, kwa sababu una ethilini, gesi ileile inayotolewa na tunda linaloiva. Moto ukizidi, ndizi za upande wa mfereji hupikika badala ya kuiva, na ndizi iliyopikika haitoi juisi.

Jumanne, Maruku

Shimo halifunguliwi. Kinachofanyika ni kuangalia kama udongo wa juu umepasuka na kuziba nyufa. Hewa ya baridi ikiingia upande mmoja, upande huo utabaki na wanga ilhali mwingine umeiva. Wanga huo hautoki kwa kuchuja, na utauona miezi mitatu baadaye kama ukungu ndani ya chupa.

Maruku kuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Maruku, na migomba ni moja ya kazi zake kuu. Anayetaka kupanda mbegu safi ya embiire aanzie hapo, asianzie kwa chipukizi la jirani.

Jumatano, Bukoba mjini

Siku ya kununua vitu na ya kuonja. Rubisi ya asubuhi, iliyokandwa jana, ina rangi ya udongo mwepesi, povu jembamba, utamu bado upo, na harufu ya mtama uliokaangwa inatangulia ya ndizi. Ya jana yake imekauka, imeongeza ukali, na wazee ndiyo wanayoitaka. Zamani ilinywewa kwa kibuyu na mrija. Leo mara nyingi ni jagi la plastiki, na hilo halina ubaya, isipokuwa plastiki yenye mikwaruzo hutunza siki ya wiki iliyopita.

Njia ya kwanza ya kuifanya pombe hii isafiri ilikuwa kuikausha maji, yaani kuigeuza gongo. Kinywaji kinachoharibika kwa siku tatu kikawa kinywaji kisichoharibika kabisa, na dumu moja likabeba thamani ya mapipa. Serikali iliweka sheria ya kusimamia utengenezaji wa "moshi", yaani pombe ya kukeneka kama gongo, mwaka 1966, na gongo la kienyeji limebaki jambo la kukimbizana. Kwa upande wa ufundi, ndizi ina pektini nyingi, na pektini ikivunjika huacha methanoli, ambayo huchemka mapema kuliko kilevi cha kawaida. Mtambo wa chungu na bomba la shaba hauna kipimajoto, na tamaa ya mpishi haimwachi amwage matone ya kwanza. Hatutalizungumzia zaidi.

Njia ya pili ilikuja na chupa. Pombe ya ndizi ya chupa ilianzia Arusha miaka ya 1990, ikafika mpaka kaunta za Mwanza, na watengenezaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wakaiga umbo lake: tamu, yenye gesi kidogo, rangi ya dhahabu. Viroba, pombe kali ya vifuko vidogo, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mnywaji wa bei ndogo alihitaji kitu kingine mkononi, na chupa ya ndizi ilikuwa karibu.

Hapo ndipo mtindo ulipoharibika, kwa maoni yetu. Embiire zimepungua, chupa zinahitajika, basi juisi ikazimuliwa kwa maji nusu kwa nusu na sukari ya dukani ikajaza pengo. Kilevi kinapatikana, ndiyo, lakini mwili haupo. Sukari ya miwa huongeza kilevi tu. Haileti tindikali, haileti tanini, haileti chakula cha hamira. Matokeo ni maji makali yenye harufu ya gundi, kisha rangi ya karameli huongezwa ili yaonekane yamekomaa. Mvinyo unaofuatwa katika safari hii hauongezwi hata kijiko kimoja cha sukari.

Vitu vya kununua mjini leo: madumu matano mapya ya lita 20, kipimajoto, shuka mbili nyeupe za pamba na ndoo tatu. Dumu lililobeba dizeli au mafuta ya taa halisafishiki, hata kwa sabuni ya wiki nzima.

Alhamisi, Maruku

Kukata nyasi rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi nje ya vibanja. Zinatakiwa nyasi ndefu, ngumu, za kuezekea, zilizokatwa mbichi na kuoshwa. Nyasi laini hukatikakatika na kuingia kwenye juisi zikaacha ladha ya majani.

Mtama kilo 2.5 umekaangwa kwenye chungu mpaka ukawa na rangi ya kahawa nyepesi, ukasagwa ukibaki na chenga. Ukiungua, rubisi itakuwa chungu. Ukibaki mbichi, itakuwa na harufu ya unga.

Mtumbwi wa kukandia, uliochongwa kwenye gogo moja, umeoshwa kwa maji ya moto bila sabuni. Tuutazame vizuri, kwa sababu hapa njia za rubisi na mvinyo zinaachana. Nyufa ndogo za mbao hiyo zimejaa chachu za asili na bakteria wa miaka mingi. Kwa rubisi huo ni utajiri: ndiyo maana inaanza kuchemka saa chache tu baada ya kukandwa, na kwa nini rubisi ya nyumba hii hailingani na ya nyumba ya pili. Kwa mvinyo ni balaa. Bakteria haohao hawatapumzika wakati dumu liko njiani. Juisi ya mvinyo itakandwa kwenye beseni kubwa la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hakifai hata kwa dakika kumi, kwa sababu tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi, na huo weusi hautoki.

Ijumaa, Maruku

Shimo linafunguliwa alfajiri. Ganda liwe la njano lililoenea, bila kijani kwenye ncha, na litoke kwa kuvutwa mara moja. Ndizi yenye madoa meusi mengi iwekwe kando, kwa sababu iliyopitiliza hugeuka uji na juisi haijitengi. Ndizi ngumu pia kando. Katika shimo zuri, zinazokataliwa hazifiki ndoo mbili.

Kumenya huchukua asubuhi yote na mikono sita. Nyama isikae zaidi ya saa mbili kabla ya kukandwa, maana hugeuka kahawia na nzi wadogo wa siki hufika upesi kuliko wageni wa harusi.

Kukanda ni kazi ya nguvu iliyopangika. Nyama na nyasi huwekwa kwa tabaka, nyasi kiasi cha kukumbatia mara moja kwa kila ndoo mbili za nyama. Kwa mtumbwi hukanyagwa kwa miguu, kwa beseni ni mikono. Dakika kumi za kwanza hakuna kinachoonekana isipokuwa tope linalonata. Hapo wengi huogopa na kumwaga maji, na wakishamwaga, mvinyo umekwisha kabla ya kuanza. Endelea. Karibu na dakika ya kumi na tano hadi ishirini tope linakatika ghafla: nyama inajikunja kwenye nyasi kama sponji na juisi inatiririka chini, ya rangi ya chai hafifu. Ikifika nusu saa bila kukatika, sababu ni moja kati ya tatu: ndizi hazijaiva, ndizi zimepitiliza, au si embiire.

Juisi huchujwa kwa shuka iliyokunjwa mara mbili. Isikamuliwe kwa kupinda shuka, iachwe idondoke. Ya kwanza, isiyo na maji, huwa na sukari ya asilimia 20 hadi 24 kwa refraktomita, kifaa cha kupimia sukari. Ya leo inasoma 22, na hiyo, ikichacha yote, ni kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Ndiyo maana sukari ya dukani haihitajiki.

Jumla ni lita 115 hivi. Lita 15 zinakwenda mtumbwini pamoja na maji lita 15 na mtama wote, takribani kilo moja kwa kila lita 12. Mtama hauleti rangi na harufu tu, unaongeza pia chakula cha chachu. Mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa. Usiku wa manane ukiweka sikio unasikia.

Jumamosi, Maruku hadi Kemondo

Rubisi iko tayari na majirani wanajua. Tuiache hapo.

Juisi ya mvinyo ililazwa kwenye ndoo zenye vifuniko mahali pa baridi, na leo inapashwa moto kabla ya saa mbili asubuhi. Lengo ni nyuzi 80, dakika 10, kisha moto unaondolewa. Isichemke. Kwenye miinuko hii maji huchemka karibu na nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo anayesubiri mapovu makubwa ameshapita mbali, na juisi yake itanuka jamu. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Povu la kijivu linalopanda ni protini na tanini zilizoshikana. Litolewe kwa upawa mpaka liishe.

Baadhi ya mafundi hawapashi moto, hutegemea dawa ya kuzuia vijidudu pekee. Ladha yao huwa hai zaidi, ni kweli. Lakini wao hukandia mahali penye sakafu na maji ya bomba. Ukitoka kibanjani na kukesha njiani, moto ni bima.

Juisi ikishuka hadi nyuzi 60 inamiminwa kwenye madumu, lita 19 kwa kila moja. Dumu la plastiki likijazwa la moto zaidi hulegea na kubonyea linapopoa. Kila dumu linatiwa metabisalfaiti ya potasiamu, ndiyo dawa yenyewe, gramu 1.7, ambayo kwa asiye na mizani ni robo kijiko cha chai na chembe kidogo. Funga, laza dumu ubavuni dakika tano ili juisi ya moto iguse kifuniko kwa ndani, kisha litie kwenye maji baridi mpaka mkono uweze kulishika bila kusikia joto. Juisi iliyofungwa ikiwa vuguvugu hubaki vuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu ndio unaoamsha kila kitu.

Barabara au maji? Zamani swali halikuwepo. Meli ya usiku kutoka Bukoba kupitia Kemondo hadi Mwanza ndiyo iliyobeba ndizi na watu. MV Victoria imekuwa kwenye maji haya tangu 1961 na ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Anayepanga mzigo Kemondo hasahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza na mamia ya watu. Mzigo mzito uwekwe chini, upimwe, uandikwe.

Barabara ni zaidi ya kilomita 400, kupitia Muleba, Biharamulo, Chato, Geita na Sengerema. Kilichoua juisi huko hakikuwa umbali, ni foleni ya kivuko cha Busisi kwenye jua la mchana. Madumu yalivimba mpaka yakasimama kwa kitako cha mviringo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi, foleni hiyo haipo. Basi gari likiondoka usiku linawezekana. Bado tunapendelea meli kwa juisi: ubaridi wa ziwa usiku ni bure na mtikisiko ni mdogo. Gari ni bora kwa chupa zilizokwisha fungwa.

Madumu yawe kivulini kwenye sitaha ya chini, mbali na ukuta wa injini.

Jumapili, Mwanza

Asubuhi bandarini kila dumu linabonyezwa kwa kidole gumba. Lililo gumu limeanza kuchacha. Linafunguliwa polepole, linanuswa: harufu ya mkate ni chachu, bado linafaa lakini liende peke yake, harufu ya siki, liende jikoni likawe siki ya kachumbari. Leo yote matano yako laini.

Yanabaki yamefungwa mpaka kesho. Metabisalfaiti inahitaji siku nzima kupungua nguvu kabla hamira haijaingizwa, na wenye haraka hulalamika kuwa hamira ilikuwa mbovu.

Jumatatu, Mwanza

Pipa la lita 120, la chakula, lina lita 95 ndani. Tano moja ya juu iachwe tupu kwa ajili ya povu.

Tindikali kwanza. Juisi ya ndizi ina pH karibu na 4.5 au zaidi, na mvinyo unatakiwa uwe chini ya 3.8. Mvinyo wa zabibu wa Dodoma hauanzi na pengo kubwa hivi, kwa sababu zabibu huja na tindikali yake, ndizi haina. Ukiachwa juu, unakuwa bapa mdomoni na bakteria wanaupenda. Tia asidi ya sitriki gramu 4 kwa lita, yaani gramu 380 kwa pipa hili. Kwa asiyeipata, juisi ya malimau ina gramu 50 hivi kwa lita, kwa hiyo zinahitajika lita 7 na nusu, na mvinyo utanuka limau. Si dhambi, ila usiuite wa ndizi tu.

Kisha kimeng'enya cha pektini kwa kipimo cha pakiti, kisubiri saa kadhaa. Kwa embiire safi kinaweza kurukwa. Kwa mchanganyiko wenye kainja, usikiruke.

Hamira ya mvinyo gramu 25 inaamshwa kwenye maji ya nyuzi 38 kwa dakika 15, ikachanganywa na juisi kidogo, ikaachwa ipoe ikaribiane na pipa, ndipo inamwagwa. Hamira ya mandazi hufanya kazi, lakini huchoka mapema, huacha sukari nyuma na haitulii chini vizuri. Chakula cha hamira, fosfeti ya amonia, gramu 38 kwa jumla: nusu kesho povu likianza, nusu siku mbili baadaye. Ndizi ni maskini wa naitrojeni, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai viza.

Kifuniko kinatobolewa, mpira unapita, ncha yake inazama kwenye chupa ya maji. Gesi itoke, hewa isiingie.

Alhamisi, Mwanza

Pipa lina joto la nyuzi 30, chumba kina 27. Uchachushaji wenyewe hutoa joto, na jiji la mawe halisaidii: mawe huhifadhi jua la mchana na kulirudisha usiku. Pipa limesimamishwa kwenye beseni la maji na kuvishwa gunia lililoloa, feni ikielekezwa humo. Likishuka hadi 25 harufu ya ndizi hubaki. Likipita 32 harufu huondoka na gesi, na hamira inaweza kufa ikiacha mvinyo mtamu usio na mwenyewe.

Refraktomita iwekwe kabatini sasa. Kilevi kikishaanza, inadanganya, inaonyesha sukari zaidi ya iliyopo. Tumia haidromita, kipimo cha kuelea ndani ya juisi: leo inasoma 11.

Wiki ya pili hadi mwezi wa tatu

Haidromita ikifika chini kidogo ya sifuri na kubaki hapo siku tatu mfululizo, sukari imekwisha. Mvinyo unavutwa kwa mpira kuacha mashapo, na unahamishiwa kwenye madumu yaliyojazwa mpaka shingoni. Nafasi tupu ndiyo adui wa miezi hii. Mvinyo wa ndizi hushika hewa upesi, unakuwa kahawia na kuonja karanga zilizochacha, au unaota utando mweupe juu. Kinachobaki bila dumu kijazwe chupa ndogo za kujazia. Kisibaki nusu dumu.

Uvutwe tena baada ya mwezi, na kila mara metabisalfaiti kidogo, nusu ya kipimo cha kwanza. Usipong'aa kufikia mwezi wa pili, pima kwa tone la aidini kwenye kijiko cha mvinyo. Likigeuka bluu ni wanga, yaani zile ndizi ngumu za shimoni zilipita kwenye mikono ya wamenyaji. Wanga hauna tiba rahisi. Lisipogeuka, ni pektini au protini. Ya protini husafishwa kwa wiki na bentonaiti, udongo laini wa kusafishia mvinyo, gramu 1 kwa lita, iliyolowekwa siku nzima.

Mwezi wa nne, Mwanza

Zinatoka chupa 100 na ushee za mililita 750. Mtindo ni mkavu, rangi ya majani makavu, tanini inayosikika nyuma ya ulimi, harufu ya ndizi ikiwa hafifu na ya asali juu yake. Mnywaji aliyezoea chupa tamu hulalamika mara ya kwanza. Kuna mahoteli ya ziwani yanayouchukua kwa sato wa kuchoma, na huko ndiko unakofaa. Kwa anayetaka utamu, sukari huongezwa mwishoni pamoja na sobati ya potasiamu ya kuzuia hamira. Bila sobati, utamu huo utachacha ndani ya chupa na kupasua kioo rafuni.

Kabla ya kuuza, SIDO, shirika la viwanda vidogo, hutoa barua ya kumtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS, shirika la viwango, na TBS ndiyo yenye alama ya ubora. Tangu Januari 2019 chupa za mvinyo zinatakiwa pia stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato. Stempu hubandikwa juu ya chupa kavu: iliyotoka kwenye maji ya kuoshea huibandua usiku, na asubuhi unahesabu upya.

Vizibo vya gome la mti huagizwa na hukauka katika joto la hapa. Vifuniko vya kusokota vinatosha, na kama chupa ni za aina ya bia, vizibo vya soda hufunga vizuri kuliko vyote.